Dawa za kusafisha kaboni kwenye injini: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa pesa, jua jambo moja kuhusu gari lako: petroli inaingilia wapi. Kwenye injini nyingi nozeli hupuliza petroli kwenye njia ya hewa, mbele ya vali, kwa hiyo vali zinaoshwa kila injini inapozunguka. Kwenye injini za GDI, na nyingi za TSI (za kundi la Volkswagen), nozeli inapuliza ndani ya silinda moja kwa moja, na vali za kuingizia hewa haziguswi na petroli kabisa. Kinachozifikia ni mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa, nao unagandia pale kwenye joto mpaka shina la vali linavaa ukoko mweusi, mgumu. Ndiyo maana chupa iliyomsaidia jirani yako inaweza isikufae wewe hata kidogo. Injini za Toyota za D-4S zina nozeli za aina zote mbili, kwa hiyo vali zake bado zinapata kuoshwa.

Ya kwanza: dawa ya tangi yenye PEA

Kama vali zako zinaoshwa na petroli, usihangaike sana, nunua hii. PEA ni polieteramini, na inashika nafasi ya kwanza kwa sababu inastahimili joto la ndani ya silinda. Inasafisha nozeli na vali, halafu inaendelea hadi kwenye kichwa cha pistoni, kule ambako kaboni ikijaa injini huanza kugonga ukikanyaga mafuta. Dawa nyingi za bei rahisi hutumia kisafishaji kingine kiitwacho PIBA, ambacho kwa nozeli na vali kinafanya kazi vizuri, lakini ndani ya silinda kinaweza kuacha masalia yake chenyewe.

Tatizo ni kwamba maneno ya mbele ya chupa hayakwambii chochote. Zote zinadai kusafisha na kurudisha nguvu. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, fungua karatasi ya usalama (SDS) ya bidhaa hiyo, tafuta polieteramini kwenye orodha ya viambato. Ukikuta nafta na mafuta ya taa peke yake, hicho ni kiyeyushi tu. Techron Concentrate Plus ya Chevron na SI-1 ya Red Line zina PEA, na mimi ningeanzia hapo.

Mimina dawa tangi likiwa karibu tupu, kisha jaza petroli ili ichanganyike yenyewe. Fuata kipimo kilichoandikwa, maana kuzidisha hakuharakishi kitu. Ukiweza, panga safari ndefu kwa tangi hilo, na ufanye hivyo muda wa kumwaga oili ukiwa umekaribia, kwa sababu sehemu ya dawa hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili.

Ya pili: dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa

Kwa wenye GDI na TSI hii ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ndiyo chupa inayofika kwenye vali. Kampuni ya CRC inayo iliyotengenezwa kwa injini hizi hasa. Injini ikiwa imepata moto, mtu mmoja anaishikilia kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, mwingine anapuliza kidogo kidogo baada ya sensa ya hewa, kamwe si kabla yake, maana sensa hiyo huharibika upesi. Ukimaliza unazima gari na kuliacha saa nzima ili dawa iloweshe ukoko, halafu unaliendesha kwa mwendo wa barabara kuu angalau dakika 10. Moshi mzito ukitoka wakati huo, usishtuke.

Nimeiweka ya pili kwa sababu inafaa zaidi kwa ukoko ambao bado haujakomaa. Vali zikishajaa kwelikweli, hakuna chupa itakayozirudisha. Hapo fundi anafungua manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) na kuzipiga kwa unga wa maganda ya jozi, ambao unang'oa kaboni bila kukwaruza chuma. Ni gharama, lakini ni kazi inayoonekana kwa macho.

Ya tatu: kisafishaji cha throto

Gari halitulii kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta), linataka kuzima ukiachia mafuta? Anza na hii kabla ya dawa ya tangi. Zima swichi, lowesha kitambaa, futa masizi pembeni mwa kibati cha throto, kile kinachofungua na kufunga hewa ya injini. Throto za umeme usizisukume kwa kidole kwa nguvu. Sailensa inaweza kuyumba kidogo mpaka kompyuta ya gari ijifunze upya.

Ya nne: viyeyushi vya kazi zote

Hili ni kundi la dawa kama Sea Foam. Kwa gari lililolala muda mrefu, au la kabureta lenye petroli iliyoganda kuwa gundi, ni nzuri. Kwa kaboni ngumu ya ndani ya silinda, PEA inaishinda.

Ya mwisho: dawa ya kusafisha ndani ya oili

Sipendi kuona inauzwa kama tiba ya kaboni. Inashughulika na tope la oili, na kwenye injini iliyochakaa vipande vya tope vikibanduka vinaweza kuziba chujio la pampu, injini ikakosa oili. Afadhali kumwaga oili mara kwa mara.

Wa dizeli wanunue chupa iliyoandikwa dizeli tu, na wajue kwamba inasafisha nozeli. Masizi ya kwenye EGR (mfumo unaorudisha moshi kwenye injini) na manifoldi hayaguswi na kinachopita kwenye tangi. Yanafunguliwa na kusafishwa kwa mkono.

Na kabla ya chupa yoyote, fungua plagi uzitazame. Zikiwa kavu na zenye masizi, dawa inaweza kusaidia, ingawa mchanganyiko wenye petroli nyingi au kichujio cha hewa kilichoziba navyo huleta masizi hayohayo, kwa hiyo vikague. Zikiwa zimelowa oili na gari linatoa moshi wa bluu, ringi au sili za vali zimechoka, na kaboni itarudi hata uisafishe namna gani. Hiyo pesa ya dawa mpelekee fundi apime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda).