Santuri au CD kwa Msikilizaji wa Nyumbani

Kwa vipimo, CD ndiyo inayoshinda: tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1982 imeweza kubeba takriban dakika 74 za muziki, sauti ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde na kusomwa kwa mwanga bila kuguswa, ilhali upande mmoja wa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, iliyoingia sokoni mwaka 1948, huishia dakika 22 hivi. Hata hivyo, nyumbani kwangu hapa Kampala huchagua santuri.

Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hujipenyeza katika mifereji yake na kuifanya itatarike, kwa hiyo huipangusa kwa brashi laini, nikiizungusha taratibu, kabla ya kushusha sindano. Kazi hiyo, ambayo wanangu huicheka, ndiyo inayonikalisha nikasikiliza upande mzima. CD ikiwamo kwenye mashine, kidole changu hurukia wimbo wa tatu kabla wa kwanza haujakolea. Kwa safari ya garini hadi Mbarara, CD haina mpinzani, maana santuri iliyosahauliwa juani hupinda na haifai tena.