Kihisi kikibadilishwa, kanuni zinabaki? Uzoefu wangu na Home Assistant

Kwetu Dar es Salaam maji ya bomba huja kwa zamu, kwa hiyo tuna tangi la lita 5,000 chini ya ardhi, simtanki la lita 1,000 juu ya nyumba, na pampu ya kilowati 0.75 ya kuyapandisha. Mfumo wa kwanza wa nyumba janja nilioununua, ambao sitautaja jina, niliupa kanuni mbili: pampu iwake saa tano usiku, na izime pale kihisi cha kina cha maji kinapoonyesha kwamba simtanki limejaa. Kihisi hicho kilipochakaa nilinunua kingine, nikakiunganisha, kisha nikakifuta cha zamani kwenye simu. Sikupewa onyo lolote. Kanuni ya kuwasha ilibaki nzima kwa sababu ilitegemea saa tu. Ile ya kuzima ilibaki kwenye orodha na alama yake ya kijani, ilhali ndani yake hapakuwa tena na kitu cha kuiamsha. Nilipoamka kwa swala ya alfajiri niliisikia pampu ikinguruma kavu. Tangi la chini lilikuwa tupu, maji yote yameishia uani, na fundi aliyekuja asubuhi alinionyesha sili iliyoungua akasema, "Mzee, hii imezunguka bila maji saa nyingi." LUKU ilipungua uniti kama 4.5. Kilichoniuma zaidi ni maji, kwa kuwa zamu yetu ilikuwa bado siku tatu.

Baada ya hapo nilihamia Home Assistant, programu huria ya nyumba janja iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo tangu 2024 iko chini ya Open Home Foundation. Kwangu inaendeshwa na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo iliyopo sebuleni, na vihisi vyangu ni vya Zigbee, yaani huwasiliana nayo kwa redio ndani ya nyumba, hivyo kanuni huendelea hata intaneti ikikatika. Kabla ya kuikabidhi pampu nilitaka kwanza kujua kanuni hufanya nini pale kifaa inachokitegemea kinapoondoka, nikajaribu kwa kufuta taa ya barazani.

Niligundua kwamba jibu linategemea namna kanuni ilivyoandikwa. Unaweza kukitaja kifaa chenyewe, na hapo mfumo hutumia kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu ambacho kifaa hupewa kinapounganishwa. Au unaweza kutaja jina la kipimo kinachotoka kwenye kifaa hicho, mfano sensor.kina_cha_simtanki, jina ambalo wewe mwenyewe unaweza kulibadilisha. Kanuni ya aina ya kwanza huvunjika waziwazi, kwa kuwa mfumo hukataa kuipakia na kueleza kwamba kifaa hakijulikani, lakini haiponi hata ukileta kifaa cha muundo uleule, kwani kitambulisho chake ni kipya, na itakubidi uifungue na kuirekebisha kila kanuni. Ya aina ya pili huvunjika kimya: inabaki ikisubiri jina ambalo halipo tena. Hata hivyo, ukikipa kifaa kipya jina lile la zamani, kanuni zote hurudi kazini papo hapo bila kuguswa.

Nilichagua aina ya pili kwa nyumba nzima, nikayafanya majina yataje kazi na mahali, kamwe si kampuni wala muundo wa kifaa. Kabla ya kufuta chochote nafungua ukurasa wa kipimo husika na kuangalia kanuni zinazohusiana nacho, kisha natafuta jina hilo ndani ya automations.yaml, faili ambamo kanuni zimeandikwa, kwa sababu majina yaliyoandikwa ndani ya templeti (vipande vya hesabu ndani ya kanuni) huweza kukosekana kwenye orodha ile. Mfumo huhifadhi pia mwenendo wa kila kanuni kwa mara tano za mwisho, hatua kwa hatua, jambo linalosaidia sana kanuni inapokosea. Ila kanuni ambayo haikuamka kabisa haiachi alama yoyote, na ndiyo iliyoniumiza mimi.

Kwa hiyo niliigeuza kanuni ya pampu. Sasa haiwashi kwa saa peke yake: ni lazima kina kisomeke kwa namba iliyo chini ya asilimia 80, na kihisi kikikosekana sharti hilo halitimii, pampu inabaki imezimwa. Kanuni nyingine huangalia kila saa kumi na mbili jioni kama kipimo kinasomeka, na kisiposomeka napata ujumbe kwenye simu kabla giza halijaingia. Niliweka pia kikomo cha dakika 40, lakini sikukiamini peke yake, kwa kuwa mfumo ukizimika na kuwaka upya katikati ya kusubiri, kanuni iliyokuwa ikihesabu muda haiendelei. Fundi alifunga swichi ya boya ndani ya simtanki, ikaunganishwa moja kwa moja na kontakta, swichi inayoipa pampu umeme, na simtanki likijaa boya hukata umeme bila kuuliza programu yoyote. Naomba anayeendesha pampu au hita kwa mfumo wowote asiache hatua hii.

Ningependa dirisha la kufuta kifaa lenyewe liorodheshe kanuni zitakazoguswa, maana hapo ndipo mtu huwa na haraka. Pamoja na hayo nimeridhika, na nitaendelea kuutumia mfumo huu. Mwezi uliopita kihisi kiliharibika nikiwa safarini Tanga. Mke wangu alifuata karatasi ya majina niliyoibandika ndani ya mlango wa boksi la umeme, akaunganisha kihisi cha akiba, akakipa jina la zamani. Saa tano usiku pampu iliwaka, na baada ya dakika 22 ikazima.