Eafraya kwa nyumba ya Dodoma: ipi ununue, na nani asubiri kwanza

Kabla hujatuma pesa Kariakoo ili boksi lipandishwe basi la Dodoma, kaa chini uandike kilichopikwa nyumbani kwako wiki nzima iliyopita. Kwa nyumba nyingi za huku orodha itakuwa ugali wa mahindi au wa mtama, mlenda, majani ya kunde, maharage, wali, makande, na nyama siku ikipatikana. Sasa ipitie orodha hiyo ukiwa na eafraya akilini, yaani ile mashine ya umeme inayopika kwa hewa ya moto (air fryer). Haisongi ugali. Haichemshi maharage. Haipiki mlenda wala haiungi mchuzi. Anayeinunua akitegemea ichukue nafasi ya jiko ataiweka juu ya kabati ndani ya mwezi, na vumbi letu litafanya yaliyobaki.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome hadi mwisho ukiutafuta. Kama nyumbani hakuna presha ya umeme (sufuria ya umeme inayopika kwa mvuke uliobanwa), anza na presha, eafraya isubiri. Kama presha unayo, na familia yako inakula chipsi, kuku au samaki mara tatu au zaidi kwa wiki, eafraya itakufaa sana, na ya kununua ni ya droo moja, lita 5 hadi 6. Nyingine zote naziweka chini yake, kwa sababu nitakazozieleza.

Ni oveni, si karai

Philips ndio walioitangaza eafraya mwaka 2010 kwenye maonyesho ya vifaa vya umeme Berlin, na tangu hapo viwanda vingi vimetengeneza za kwao kwa mtindo uleule. Juu ndani kuna koili inayopata moto, na nyuma yake feni inayoisukuma hewa ya moto kwa kasi kuzunguka chakula. Mwisho wa moto kwa mashine nyingi ni nyuzi 200. Kwa hiyo umbo lake na jina lake visikuchanganye: hii ni oveni ndogo yenye feni kali. Kila kinachopendeza kwenye oveni hupendeza humo, na kila kinachohitaji kuzama kwenye mafuta hukwama.

Viazi mviringo hutoka vizuri ukivikata sawasawa, ukaviloweka kwenye maji nusu saa kutoa wanga, ukavikausha kwa kitambaa na kuvipaka kijiko kimoja cha mafuta. Usivipange vikalaliana hadi juu. Hewa ikikosa njia vinachemka kwa mvuke wake vyenyewe na kulegea. Tikisa droo katikati ya safari. Viazi vitamu ni rahisi zaidi. Mihogo ichemshe kwanza, iive kabisa, ndipo uiingize ipate rangi. Perege wa Mtera akipasuliwa, akatiwa chumvi, ndimu na mafuta kidogo, anaiva kwa nyuzi 180 ndani ya robo saa hivi, na nyumba hainuki samaki hadi kesho yake. Dagaa waliooshwa na kukaushwa juani wanahitaji dakika chache tu. Wakiachwa wanageuka majivu. Mishikaki, sambusa za kupaka mafuta kwa brashi, karanga za kukaanga, vyote vinakwenda.

Kuku ndiye anayenifanya niiheshimu mashine hii, ila lazima ujue ni kuku gani. Wa kisasa anaingia mbichi na viungo vyake, nyuzi 180 hadi 190, dakika 25 hivi kwa mapaja, unamgeuza mara moja. Wa kienyeji, yule wa Singida mwenye miguu ya kutembea, ukimwingiza mbichi utapata ngozi iliyoungua na nyama ya kuvutana nayo. Huyo mchemshe kwenye presha hadi alainike, mwondoe kwenye supu, mfute, kisha mpe dakika 10 za nyuzi 200. Ngozi inakaza na kupasuka mdomoni, nyama iko laini, na supu umebaki nayo. Sijaona njia ya nyumbani inayomtendea haki kuku wa kienyeji kuliko hii.

Sasa yanayoshindikana. Kaimati, bagia, viazi karai na kila kitu chenye uji wa unga: uji unadondoka kupitia matundu kabla haujashika. Vitumbua, hapana. Chapati, hapana. Maandazi yanaiva, lakini yanakuwa mikate midogo mitamu ya kuoka; watoto wako wakitaka andazi la kaka wa kibandani, watakuambia. Chipsi mayai inabaki kuwa kazi ya kikaangio na jiko, ingawa viazi vyake unaweza kuviandaa humo.

Je, unaokoa pesa?

Wauzaji husema mafuta utakayookoa yatairudisha bei ya mashine haraka. Tupige hesabu kwa uaminifu. Ukikaanga chipsi za kilo moja ya viazi kwenye karai, lita nzima haitoweki. Kinachoingia kwenye viazi ni kama mililita 70 hadi 90, na mengine unayachuja ukayatumia tena mara mbili tatu kabla ya kuyamwaga. Tuchukue lita ya alizeti kwa shilingi 6,000, kwa mfano. Weka bei ya dukani kwako. Mafuta yaliyoliwa ni kama shilingi 500. Ongeza sehemu ya yale yatakayomwagwa.

Upande wa pili kuna Luku. Mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi dakika 25 inakula takriban nusu uniti, kwa kuwa koili hujizima na kujiwasha kulinda joto. Kilo ya viazi haiingii mara moja kwenye droo ya wastani, kwa hiyo ni mizunguko miwili, uniti moja. Mteja wa kundi la T1, yaani wa matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato. Ukiweka VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Faida inayobaki ni shilingi mia na kitu kwa kilo. Kwa faida hiyo, bei ya mashine hutairudisha leo wala mwaka huu.

Aliye kwenye kundi la D1, la watumiaji wadogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti hadi 75 kwa mwezi, awe makini zaidi. Kama friji, taa na televisheni vinakula uniti 60, eafraya ya nusu uniti kila siku inaongeza 15, na umefika ukingoni. Ukivuka, uniti ya 76 inahesabiwa kwa shilingi 350 kabla ya makato, na ukizoea kuvuka unaweza kutolewa kwenye kundi hilo kabisa. Kwa familia ya kipato cha kawaida, hilo ni jambo kubwa kuliko chipsi.

Na wapangaji wenzangu wa Nkuhungu, Chang'ombe, Area C, mnaochangia mita moja nyumba nzima: zungumzeni kabla boksi halijaingia getini. Feni ya eafraya inasikika hadi chumba cha pili, na mchango wa Luku ukipanda mwezi huo kila mtu ataelekeza macho kwako, hata kama aliyepandisha ni mwenye pasi.

Kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya akiba. Inunue kwa sababu nyingine tatu ambazo ni za kweli. Ya kwanza ni mafuta mwilini: aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta anaweza kuendelea kula samaki na kuku wenye ladha. (Chipsi zinabaki chipsi, wanga haupungui, na zikiwa nyeusi ndipo zinapobeba akrilamaidi nyingi, kemikali isiyofaa mwilini, kwa hiyo zitoe zikiwa za dhahabu.) Ya pili ni muda: ukishaweka saa, unakwenda kumwogesha mtoto au kupanga karatasi za ofisi, mashine inajizima yenyewe. Ya tatu naiona kubwa kuliko zote. Jikoni mwetu kwingi jiko la gesi liko sakafuni, na karai la mafuta ya moto linakaa kimo cha mtoto wa miaka miwili. Kuliondoa karai hilo sakafuni siku nyingi za wiki ni sababu tosha ya kutoa pesa.

Mpangilio wangu

Kwanza: presha ya umeme, kama huna. Naiweka juu ya eafraya zote bila kusita. Inapika kile ambacho Dodoma inakula: maharage yasiyolowekwa, ndani ya saa moja hivi, makande, utumbo, kuku wa kienyeji, wali. Kwa kuwa imefungwa na imezungushiwa kizuia joto, koili yake inazimika muda mwingi, na sufuria ya maharage inaweza kumalizika kwa chini ya uniti moja. Linganisha na mkaa wa kuchemsha maharage yaleyale saa mbili na zaidi. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania, na katika vifaa vyote vya umeme vinavyouzwa sasa, presha ndiyo inayomwondoa mtu kwenye mkaa kwa vitendo. Eafraya haimwondoi.

Pili: eafraya ya droo moja, lita 5 hadi 6. Hii inatosha watu wanne hadi watano, inachukua kuku nusu aliyekatwa bila kubanana, na nguvu yake huwa kati ya wati 1,400 na 1,800, kiasi ambacho soketi nzuri ya ukutani inabeba bila shida. Kati ya yenye vitufe vya kuzungusha na yenye kioo cha kugusa, chukua ya vitufe. Kioo kinapendeza dukani, ila umeme ukipanda na kushuka, bodi yake ndiyo inayokufa kwanza, na kitufe cha kuzungusha fundi yeyote wa mjini anakibadilisha.

Tatu: ndogo ya lita 3 hadi 4. Ni kwa anayeishi peke yake, au wawili, mathalani mtumishi aliyehamishiwa Mtumba, kwenye mji wa serikali, na familia imebaki mkoa mwingine. Kwa familia itakuchosha: mizunguko mitatu kwa mlo mmoja, wa kwanza kapoa kabla wa mwisho haujatoka.

Nne: ya kabati, lita 10 hadi 12, yenye trei na mlango wa kioo. Trei ya juu inawahi, ya chini inachelewa, unashinda ukizibadilisha. Kama unachokitaka ni keki na mikate ya kuuza, nunua oveni ya mezani ya lita 30 na kuendelea. Hata hii ya kabati itakubania.

Tano: droo mbili. Nyingi zinafika wati 2,400 hadi 2,700. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni karibu ampea 12, na fyuzi ya plagi yetu ya pini tatu ni 13. Nyumba yenye waya mwembamba au soketi iliyokwisha legea itanuka plastiki. Nyumba ya watu wanane yenye nyaya nzuri, sawa, wengine waiache. Na anayetumia sola kijijini Bahi au Chemba asifikirie eafraya ya aina yoyote kwa sasa. Inveta ndogo haiibebi.

Dukani

Geuza mashine usome kibandiko cha chini: kinatakiwa kuandika 220–240V na 50Hz. Zile za volti 110 zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani zinaungua siku ya kwanza. Tazama plagi, ikiwa ya pini mbili na muuzaji anakupa adapta, rudisha na utafute yenye pini tatu, kwa kuwa adapta nyepesi haihimili moto wa saa nzima. Usiichomeke kwenye ekstensheni ya bei ya chini kamwe. Toa droo, pitisha kidole: rangi ya ndani isiwe na malengelenge wala mikwaruzo, maana ukishaondoka ni yako. Mwambie muuzaji aiwashe dakika tano mbele yako, usikilize feni. Ikigonga au kukwaruza, omba nyingine. Kisha dai risiti ya EFD na karatasi ya garantii yenye jina la duka la hapa Dodoma. Tofauti ya elfu kumi au ishirini unayoiona Kariakoo inaisha siku utakapotakiwa kuirudisha mashine Dar es Salaam kwa gharama yako, hata kama SGR inakufikisha haraka.

Ukifika nayo nyumbani, iweke mbali na ukuta kama kiganja kimoja, fungua dirisha, iwashe tupu dakika kumi kwa nyuzi 200 harufu ya kiwandani itoke. Osha droo kwa sponji laini, kamwe si kwa stilwaya, na uifute ikauke, kwa sababu maji yetu yana chumvi na huacha madoa meupe. Ukimaliza kupika na mashine ikapoa, ifunike kwa kitambaa: feni ile inavuta vumbi, na kiangazi cha huku vumbi haliishi.