Shehena ya makaa ya mawe kwa mabehewa ya HO: ya rezini na ya kujitengenezea

Kwa miezi minne nimekuwa nikiyajazia makaa ya mawe mabehewa 12 ya treni yangu ndogo ya modeli, na katika muda huo nimetumia bidhaa za aina mbili. Ya kwanza ni shehena ya rezini (plastiki ngumu ya kumiminwa katika kalibu) iliyokwisha kutengenezwa, ambayo mnunuzi huipachika tu juu ya behewa. Ya pili ni makaa ya punje yanayouzwa kwa mfuko na Woodland Scenics, kampuni ya Linn Creek katika jimbo la Missouri, ambayo mnunuzi huyagandisha mwenyewe kwa gundi. Mtengenezaji wa ile ya rezini sitamtaja, kwa kuwa nilinunua pakiti zake mbili tu na huenda zilitoka katika kalibu iliyochakaa, lakini nitaeleza kwa kirefu nilichokiona ili mwingine ajue akague nini kabla ya kulipa.

Kipimo changu ni HO, ambacho hupunguza kila kitu mara 87, kiasi kwamba njia ya reli ya milimita 1,435, upana ule ule wa SGR ya Mombasa na Nairobi, inakuwa milimita 16.5. Reli ninayoiiga ni Norfolk and Western, ambayo makao yake yalikuwa hapa hapa Roanoke, Virginia, ninapoishi, na ambayo ilishusha makaa kutoka milima ya West Virginia hadi gati la Lamberts Point mjini Norfolk, ikiendelea kutumia vichwa vya mvuke hadi mwaka 1960, wakati kampuni nyingine kubwa za Marekani zilikwisha kuhamia dizeli. Behewa lenyewe ni la tani 55, lililo wazi juu na lenye milango ya kumwagia chini, la muundo wa mwaka 1918, serikali ya Marekani ilipokuwa ikiziendesha reli kwa ajili ya vita. Ndani lina urefu wa futi 30 na inchi 6. Kwa hiyo mezani kwangu shehena yote ina milimita 107 kwa 33, na katika eneo hilo dogo ndimo jicho linapoamua kama treni ni ya kweli au ni kichezeo.

Nasema hivyo kwa sababu modeli za reli hutazamwa kutoka juu. Mtu anayesimama kando ya reli halisi huona ubavu wa behewa, magurudumu na maandishi, na makaa huyaona kama mstari mweusi tu; lakini anayesimama kando ya meza humwona dereva kisogo, huona paa, na huona shehena yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana nilikwenda mara kadhaa kusimama kwenye daraja la waenda kwa miguu linalovuka reli katikati ya mji wetu, nikisubiri treni za makaa zipite chini ya miguu yangu. Za siku hizi hujazwa zikitembea polepole chini ya ghala refu, na makaa hutiririka bila kukatika, hivyo kila behewa lina mgongo mrefu uliosawazishwa juu na kuteremka pande zote nne, kama mkate wa boflo. Za miaka ya 1950 hazikuwa hivyo. Behewa liliachiwa liserereke chini ya mlizamu wa mgodi, likasimamishwa, likamwagiwa, likasogezwa kidogo, likamwagiwa tena, na alama za kusogezwa huko zilibaki juu yake: vichuguu viwili au vitatu vilivyounganika kwenye nyayo zao, kimoja kikiwa kirefu kuliko kingine, na kwenye pembe za behewa mahali ambapo makaa hayakufika hata ukingo.

Kosa kubwa la shehena ya rezini linaanzia hapo. Ina kichuguu kimoja laini, kirefu, kilicholingana pande zote, ambacho si cha mgodi wa 1955 wala si cha ghala la leo. Zaidi ya hayo, vipande vyote vinne nilivyonunua vimetoka katika kalibu moja, na mabehewa yanapopangwa moja nyuma ya jingine, jicho linatambua mara moja bonde lile lile dogo upande wa kushoto, behewa baada ya behewa. Kuvigeuza vipande viwili nyuma mbele kunasaidia kidogo, na kwa mwenye mabehewa mawili tu pengine kunatosha. Kwa treni ndefu hakutoshi hata kidogo.

Makosa mengine yanarekebishika. Upana ulikuwa milimita 34.5, na ilinibidi nisugue kila kipande kwa msasa, ndani ya maji ili vumbi la rezini lisiingie mapafuni, mpaka kikaingia bila kuzitanua kuta za behewa. Rangi ilikuwa nyeusi ya kung'aa kila mahali kwa kiasi kimoja, ilhali makaa halisi humetameta kwenye nyuso zilizovunjika tu na mengine yote ni ya kijivu cheusi kilichofifia. Mkono mmoja wa rangi isiyong'aa, kisha kuzipangusa ncha zilizoinuka kwa brashi iliyokaribia kukauka, uliondoa kasoro hiyo kwa robo saa.

Lisilorekebishika ni uzito. Chama cha wapenzi wa modeli za reli cha Marekani, NMRA, kinapendekeza kwamba behewa la HO liwe na aunsi moja, na nusu aunsi zaidi kwa kila inchi ya urefu wake. Behewa langu lina urefu wa sentimita 11.6 hivi, kwa hiyo linapaswa kuwa na gramu 93, na nilikwisha kuyapima yote kwenye mizani ya jikoni na kuyaongezea madini ya risasi chini mpaka yakafika hapo. Kipande kimoja cha rezini kina gramu 30. Mabehewa 12 yakibeba vipande 12, kichwa cha treni kinavuta gramu 360 zaidi, na uzito huo umekaa juu, mahali ambapo behewa linapokata kona kali hautakiwi kabisa. Kwenye mwinuko wangu wenye kona, nilipoyapakia manne tu, magurudumu ya kichwa yalianza kuteleza pale pale ambapo siku zote hupita bila shida.

Sasa makaa ya mfuko. Jambo la kwanza linalonipendeza ni kwamba punje zake hazilingani, na ndivyo makaa yanavyotoka mgodini kabla ya kuchekechwa: vumbi, kokoto na mabonge kwa pamoja. Jambo la pili ni kwamba mnunuzi anaweza kuchagua ukubwa, nami nashauri kila mtu afanye hesabu kabla ya kumwaga. Bonge la makaa lenye sentimita 15, ambalo mtu hulinyanyua kwa mikono miwili, katika HO lina milimita 1.7. Punje ya milimita 5, ambayo mkononi inaonekana ndogo sana, ni jiwe la sentimita 43, na behewa lililojaa mawe ya namna hiyo linasomeka kama behewa la mawe ya kujengea msingi. Mimi huyapitisha makaa kwenye chujio la chai, yanayopita nayatumia kwa behewa zima, na yale yaliyobaki juu nayadondosha machache kwa kibanio, hasa chini ya miteremko ya vichuguu, kwa sababu bonge kubwa likimwagwa juu ya kilele hubiringika hadi chini.

Kazi yenyewe huanza na kipande cha stairofomu, ile ya kufungashia televisheni, nilichokikata kwa milimita 106 kwa 32 ili kiingie na kutoka bila kubanwa. Juu yake nachonga vichuguu kwa kisu chembamba, kila kipande kwa namna yake, kisha nakipaka rangi nyeusi ya maji. Rangi ya kupuliza huila stairofomu mpaka ikawa mashimo matupu. Nakichomeka washa moja ya chuma (ile pete bapa inayokaa chini ya nati) katikati, karibu na juu, nikiifunika kwa gundi. Napaka gundi nyeupe ya mbao, namwaga makaa, naacha yatulie, halafu nadondoshea spiriti kidogo kwanza na baada yake gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Ukiiruka hatua ya spiriti, tone la gundi husimama juu ya makaa kama umande juu ya jani la mgomba na kuzibiringisha punje ulizozipanga kwa saa nzima. Kesho yake yamekauka, na shehena nzima haizidi gramu 8.

Ile washa ndiyo inayonifurahisha kuliko yote. Makaa yalikwenda upande mmoja: yalishuka Norfolk yamejaa na mabehewa yakarudi mgodini matupu, na treni inayorudi mgodini ikiwa imejaa makaa ni kosa ambalo rangi nzuri haiwezi kulifunika. Nikisogeza sumaku ndogo iliyogundishwa kwenye kijiti, makaa yananyanyuka mazima mazima, na behewa limemwagwa.

Kuhusu urefu wa vichuguu, msomaji aliyezoea gunia la lumbesa anaweza kudhani kwamba makaa yaliyopita ukingo wa behewa ni ya kuzidisha kipimo. Sivyo. Reli za Marekani zenyewe zilihesabu ujazo wa mabehewa haya kwa njia mbili, wa kulingana na ukingo na wa kilele cha wastani wa inchi 10, na inchi 10 kwa HO ni milimita 3 tu. Shehena nyingi za kununua hupanda milimita 6 au zaidi.

Mwenye kutaka kubeba madini ya chuma badala ya makaa asitumie umbo hilo kabisa, kwani madini hayo ni mazito mara mbili au tatu ya makaa, na behewa la tani 55 hufikia kikomo chake kabla ya kujaa hata nusu. Yalimwagwa mafungu mawili madogo, kila fungu juu ya seti yake ya magurudumu, na katikati sakafu ikabaki inaonekana.

Kwa treni inayotembea, basi, nanunua makaa ya mfuko bila kusita. Mfuko mmoja umenitosha mabehewa yote 12 na bado una zaidi ya nusu. Kinachogharimu ni muda, kama saa moja na nusu kwa behewa ukiacha kukauka, na asiye na muda huo anaweza kununua rezini, mradi achukue kutoka kwa watengenezaji wawili tofauti ili maumbo yasijirudie, na aisugue, aifishe mng'ao na aipime kwanza. Vipande vyangu vinne sikuvitupa. Kimoja nimekikata vichuguu viwili kwa msumeno mdogo na kukifunika kwa makaa ya mfuko, na sasa kimo katika behewa lililosimama chini ya mlizamu wa mgodi, ambalo halivutwi kamwe, na uzito wake hapo haumsumbui mtu.