Air Camper ya mbao: nilivyoijenga Mafinga na inavyoruka Usangu

Ndege hii naipendekeza kwa seremala yeyote wa Nyanda za Juu Kusini mwenye leseni ya urubani, ila kwa sharti moja: usiijenge kama walivyoijenga wenyewe kule Minnesota, Marekani. Aliyeichora aliishi mita mia chache tu juu ya usawa wa bahari. Karakana yangu iko Mafinga, karibu mita 1,900. Tofauti hiyo inagusa karibu kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia injini mpaka saa ya kuruka.

Kwa asiyeijua, Air Camper ni kazi ya Bernard Pietenpol, fundi aliyejifunza mwenyewe katika kijiji cha Cherry Grove. Aliirusha mwaka 1929 kwa injini ya gari, Ford Model A. Mwaka uliofuata akazipeleka ndege zake Minneapolis kumwonyesha mhariri wa jarida aliyekuwa akisema injini ya gari haifai kwa ndege, na mwaka 1932 michoro ikachapwa ili mtu yeyote ajijengee. Michoro hiyo bado inauzwa. Bawa la ndege ni moja, limekaa juu ya vichwa vya watu kwa nguzo, na lina urefu wa mita 8.8 hivi kutoka ncha hadi ncha. Viti ni viwili, kimoja nyuma ya kingine, vyote wazi kwa upepo. Rubani anakaa nyuma. Abiria anakaa mbele, chini kabisa ya bawa, na kuingia pale kunataka viungo vyepesi.

Nilichokipenda tangu siku ya kwanza ni kwamba michoro inamheshimu seremala. Haikuelezi kila hatua. Inakupa vipimo kwa inchi, inakuonyesha kiungo kinavyokaa, halafu inakuachia akili yako. Aliyezoea kununua kabati la kuunganisha kwa maelekezo atateseka. Aliyepiga kenchi za paa miaka kadhaa atajikuta nyumbani.

Sasa mbao, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu najua wengi wa kwetu watauliza. Mtu wa Mafinga hafundishwi mbao. Tumezungukwa na msitu wa Sao Hill, magari ya magogo yanapita usiku na mchana, bei ya papi kila mtu anaijua. Kwa nini basi niagize mbao kutoka ng'ambo? Mzee aliyenifundisha useremala aliniuliza hivyohivyo alipoingia karakana. Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka meza mara mbili kisha akasema, "Mwanangu, miti yote hii ya kwetu, wewe unaleta ya Wazungu?"

Nilimpa vipande viwili ashike, kimoja cha msonobari wetu na kingine cha sprusi ya Sitka, vimekatwa ncha vikaonyesha pete za ukuaji. Mbao ya boriti ya bawa, yaani mhimili mrefu unaolibeba, inatakiwa iwe na pete zisizopungua sita katika kila inchi, na nyuzi zake zisipinde zaidi ya inchi moja katika inchi kumi na tano za urefu. Unyevu uwe kati ya asilimia 8 na 12. Mti wetu unakua haraka, ndiyo maana unatulisha, lakini pete zake ni pana na vifundo ni vingi. Mzee alizihesabu kwa ukucha, akakirudisha kile cha sprusi mezani taratibu. "Huu ulikaa porini siku nyingi," akasema. Hakuniuliza tena.

Msonobari wa Sao Hill nimeutumia kwa meza ndefu ya kujengea, kalibu ya kugundishia mbavu za bawa, na stendi za kubebea mabawa. Haukuingia hata kijiti kimoja ndani ya ndege. Atakayekwambia mbao yake "imekauka vizuri, kaka, tia tu" mwombe kipima unyevu. Muuzaji mmoja nilipomtolea changu alibadilisha mazungumzo.

Hata mbao ya kuagiza ikague ubao kwa ubao. Katika mzigo wangu ulikuwemo mmoja mzuri mno kwa macho, rangi safi, hauna kifundo. Nilipoumulika tochi kwa ubavu nikaona mstari mwembamba umekatiza nyuzi. Hapo nyuzi ziliwahi kubonyea, labda mti ulipoangukia gogo jingine. Ubao wa namna hiyo hukatika ghafla, bila kulia kwanza. Sasa ni rafu ya kuwekea randa.

Gundi nayo ina hesabu zake kwa watu wa baridi. Zamani walitumia gundi ya kaseini, itokanayo na maziwa, na unyevu ukiingia huoza. Gundi ya resosino ni imara sana, lakini inataka joto la nyuzi 21 hivi na viungo vilivyobanana kabisa. Mwezi wa saba Mafinga, asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Resosino utaifanyia kazi wapi? Nilichagua epoksi ya T-88. Inachanganywa nusu kwa nusu, inashika hata kwenye baridi kali ingawa polepole, na inavumilia kijinafasi kidogo kwenye kiungo. Udhaifu wake ni joto: ikipata jua kali chini ya rangi nyeusi inalainika. Kwa hiyo mabawa yangu ni meupe, kwa kuwa jua la bonde la Usangu, ndege inakoishi, halina huruma. Kila nilipochanganya gundi niligundisha pia vipande viwili vya pembeni, nikaandika tarehe, kesho yake nikavivunja kwa nyundo. Ikiraruka mbao, gundi ni nzima. Ikiachia gundi, kazi yote ya siku ile inabomolewa.

Kitambaa ni cha poliesta, kinavutwa kwa pasi. Unaanza na nyuzi joto 121, unamalizia 177, na zaidi ya hapo unakiharibu. Usiamini namba za kwenye pasi ya nyumbani. Pima kwa kipimajoto, na umeme ukipungua nguvu pima upya. Dada mmoja fundi cherehani wa mtaani kwetu ndiye alinisaidia kushonea kitambaa kwenye mbavu. Mafundo yake yalikuwa sawasawa kuliko yangu kuanzia mshono wa kwanza.

Nije kwenye injini, kwa kuwa ndipo penye uamuzi mkubwa. Wapenzi wa mambo ya kale wanaitaka Ford Model A, na mimi nawaelewa. Sauti yake ni tamu na ndiyo asili yenyewe. Inatoa nguvu za farasi 40 hivi, ikiwa usawa wa bahari. Injini isiyo na kisukuma hewa (turbo) hupoteza karibu asilimia 3 kwa kila futi 1,000 unazopanda. Fanya hesabu: mita 2,000, yaani usawa wa Njombe mjini, umebakiwa na asilimia 80 tu. Farasi 40 wanakuwa 32. Ile injini ya ndege ya Continental ya farasi 65, ambayo wengi duniani wanaifunga kwenye ndege hii, inakuwa 52. Mimi nilifunga Continental C85, farasi 85 kwa mizunguko 2,575, na kwa Njombe inakupa 68. Maana yake mtu wa huku akifunga 85 anapata kile anachokipata mtu wa Tanga aliyefunga 65. Hiyo si anasa.

Na hapo sijahesabu joto. Mchana wa nyuzi 25 Mafinga, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko karibu futi 9,000. Injini inachoka, propela inashika hewa kidogo, bawa nalo vilevile. Kipima mwendo kitakuonyesha maili zilezile 60 kwa saa ulizozoea unapokuja kutua, lakini ardhi chini inapita kwa karibu 69. Njia ya kurukia uliyoiona ndefu asubuhi, saa saba mchana ni fupi. Ndiyo sababu ndege ilijengwa Mafinga lakini inaishi Usangu, kwenye kiwanja cha nyasi nilichoruhusiwa na mwenye shamba, mita elfu moja na kidogo tu.

Continental ni nyepesi kuliko Ford kwa zaidi ya kilo 20, na jambo hili zuri lina gharama yake. Pua ikipungua uzito, mkia unaelemea. Air Camper inajulikana kwa hilo. Wajenzi hurefusha pua, au huinamisha nguzo za katikati ili bawa zima lirudi nyuma inchi tatu au nne. Nilifanya yote mawili, na sikugundisha chochote cha mwisho kabla ya kuipima ndege kwenye mizani tatu, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kiti. Pima na mwili wako wa kweli, uliovaa koti na buti.

Magurudumu yangu ni ya spoku, na yalisukwa na fundi pikipiki wa Makambako. Habu ya pikipiki ya kawaida ni nyembamba, kwa kuwa pikipiki haisukumwi kwa ubavu inapopiga kona. Inainama pamoja na mzigo wake. Ndege ikitua na upepo wa pembeni inasukuma gurudumu kwa ubavu. Habu ziwe pana ili spoku zikae kwa pembe kubwa. Fundi alilielewa hilo haraka kuliko watu wengi niliowaeleza.

Jenga bawa la vipande vitatu, si kimoja kama la asili. La kwangu lilisafiri kwa Canter kutoka Mafinga, likapita Makambako na kushuka Igawa, limefungwa kwenye stendi zake na magodoro. Bawa la kipande kimoja lenye mita 8.8 kwenye barabara kuu ya Zambia, kati ya malori ya mafuta, sitaki hata kulifikiria.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Usajili wa ndege na ubora wake unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na alama zetu zinaanza na 5H. Nenda ukazungumze nao kabla hujakata ubao wa kwanza. Piga picha kila kiungo kabla hakijafunikwa kitambaa, weka daftari la kila kazi na kila gundi. Mkaguzi hawezi kukagua asichokiona.

Inarukaje? Unaiwasha kwa mkono. Magurudumu yamezuiwa kwa vigingi, kijana anayenisaidia anashika mkia, na wa kuzungusha propela anasimama tayari kurudi nyuma. Asubuhi ya Usangu, hewa ikiwa imetulia, mkia unanyanyuka mapema na ndege inaacha nyasi yenyewe, hailazimishwi. Kisha inakwenda maili 75 kwa saa, karibu kilomita 120, na hapo ndipo furaha yake ilipo. Unaona majaruba ya mpunga ya Mbarali moja moja. Unawaona watu wakisimama na kupunga majembe, na wewe unapunga mkono kwa kuwa hakuna kioo kati yenu. Kusini milima ya Kipengere imesimama ukuta mzima. Sijawahi kuruka ndege inayokuweka karibu hivi na nchi yako.

Ila inataka miguu hai. Ukigeuza kijiti cha kuongozea bila kusaidia kwa kanyagio la usukani wa mkia, pua inakwenda upande usioutaka. Na nguzo na nyaya zote zile zinakinza hewa: ukipunguza mafuta, mwendo unakufa papo hapo, kwa hiyo pua lazima ishuke mara moja. Aliyezoea ndege laini za kufundishia aipate hali hii juu sana kwanza, na mtu mzoefu akiwa kiti cha pili.

Juni hadi Agosti kaa mbali na miguu ya Kipengere baada ya saa nne. Upepo wa kusini mashariki unapanda milima upande wa pili na kumwagika huku Usangu, na hewa inayoshuka hivyo inaweza kuizidi nguvu ndege ya farasi 85. Siku za ukungu na ubaridi nazo zina jambo lao: barafu huganda ndani ya kabureta hata nje kukiwa na nyuzi 15. Vuta kishikio cha joto la kabureta kabla ya kupunguza mafuta, usingoje injini ikohoe.

Petroli ya gari inafaa kwa injini hizi za zamani, mradi haina spiriti. Kupima ni rahisi: tia maji kidogo kwenye chupa nyembamba, weka alama, ongeza petroli, tikisa, acha itulie. Maji yakionekana kuongezeka, petroli hiyo mpe mwenye bodaboda.

Wanaoniandikia wakitaka kuanza nawaambia waanze na mbavu za bawa. Ni karibu thelathini, za vijiti vya robo inchi kwa nusu, na mbao yake haigharimu sana. Ya kwanza kabisa ipakie mchanga mpaka ivunjike, uone imevunjikia wapi. Ukizimaliza zote na bado mikono inataka, ndipo uagize mbao za boriti.