Betri ya pikipiki kuukuu ya masafa marefu: ipi ununue, ipi uiache

Nilinunua betri tatu ndani ya miaka miwili kabla sijaelewa kwamba betri haikuwa mgonjwa. Kila ilipokufa nilichukua nyingine, nikasafiri vizuri wiki chache, kisha asubuhi moja stata inagonga "tak" na kunyamaza. Ya tatu ilipoanza mchezo uleule ndipo nikachukua multimita na kupima. Soketi ya plastiki inayounganisha nyaya tatu za njano kutoka koili za chaji kwenda kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za chaji, ilikuwa imeungua, waya mmoja umekuwa mweusi kama mkaa. Nikaikata soketi ile, nikaunga nyaya kwa risasi ya kulehemu, nikazifunika vizuri. Betri ya tatu ikakaa miaka mitano.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na betri. Kwenye pikipiki yenye umri mkubwa, mfumo wa chaji ndio unaokuchagulia betri, na mtu asiyeupima ananunua kwa kubahatisha.

Kipimo chenyewe ni cha dakika kumi. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha bila kuwashwa, pima volti kwenye vichwa vya betri. Betri ya asidi iliyojaa husoma karibu 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo tu. Sasa bonyeza stata huku ukitazama kioo cha multimita. Volti zikishuka chini ya 9.6 hivi ilhali betri ilikuwa imejaa, hapo betri imechoka kweli. Zikibaki 11 au 12 na stata haizunguki, betri haina kosa: tafuta kwenye relei ya stata, nyaya nene, au stata yenyewe.

Kisha washa injini, ipandishe taratibu hadi mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika, taa ikiwa imewaka. Unataka kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, betri yoyote utakayonunua itakufa kwa njaa. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kuzuia, na betri yoyote utakayonunua itachemka. Katika hali hizo mbili, hela ya betri ielekeze kwenye matengenezo kwanza. Usiogope kwa kuona volti chache injini ikizunguka taratibu bila kupandishwa. Pikipiki nyingi za zamani hazichaji vizuri katika mizunguko ya chini.

Ukiona chaji ni ndogo, usikimbilie kulaumu koili. Kwenye Honda Gold Wing GL1200 kwa mfano, koili za chaji ziko nyuma ya injini, na kuzifikia ni lazima injini itolewe kwenye fremu. Kazi ya namna hiyo haianzwi kwa dhana. Anza na soketi, halafu waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi ya injini, halafu fyuzi kuu. Weka waya mmoja wa multimita kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwingine kwenye chuma safi cha injini, kisha piga stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, waya wa hasi una kutu au haujakazwa. Nimeona watu wakibadilisha stata nzima kwa sababu ya boliti moja iliyolegea.

Mambo hayo yakiwa sawa, sasa tuzungumzie betri.

Ya kwanza: AGM iliyofungwa kiwandani

Kwa waendeshaji wengi wa pikipiki kuukuu za safari, hii ndiyo ninayoiweka juu bila kusita. Ndani yake asidi haielei. Imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo iliyobanwa katikati ya sahani za risasi. Kubanwa huko ndiko kunakoifaa pikipiki. Mtikisiko wa barabara mbovu huangusha unga wa sahani kwenye betri ya kawaida, unga ukajikusanya chini mpaka siku moja sahani mbili zikashikana. Kwenye AGM unga hauna pa kuangukia.

Faida ya pili ni kwamba haimwagiki. Pikipiki ikianguka imebeba mabegi matatu, hutakuta asidi imekula rangi ya fremu na mnyororo. Ya tatu, inapoteza chaji polepole ikiwa imeegeshwa, asilimia chache tu kwa mwezi, wakati ile ya maji hupoteza zaidi, hasa mahali penye joto.

Udhaifu wake ni mmoja lakini ni mkubwa: haisamehi chaji ya kupita kiasi. Ikichemka, mvuke unatoka kwenye vali na hakuna kizibo cha kufungua uongeze maji. Imekwisha. Kwa hiyo AGM ni ya kwanza kwa yule ambaye multimita yake imesoma 14 na kitu, si 15.

Kuna pikipiki zenye tatizo la upande wa pili. BMW R100RT, iliyotoka mwaka 1978, ina alternata (mtambo wa kuzalisha umeme wa chaji) ya wati 280. Toa taa ya mbele ya wati 55, taa za nyuma na za geji, toa umeme wa plagi, kisha mtu avae jaketi la kupashwa joto linalokula wati 75 na kushika mishikio ya kupasha joto: kinachobaki cha kujaza betri ni kidogo, na ukiwa kwenye foleni ni sifuri. Hapo AGM bado inafaa, ila uichaji kwa chaja ya ukutani mara moja kwa mwezi. AGM inayoishi nusu tupu hujenga salfati ngumu kwenye sahani, na salfati iliyokomaa haitoki.

Ya pili: betri ya kawaida ya maji

Wengi wataniuliza kwa nini naiweka juu ya lithiamu. Jibu ni kwamba betri hii inazungumza. Fungua vizibo sita utazame kiwango. Vyumba vyote sita vikipungua maji haraka, pikipiki inachaji kupita kiasi, na umejua kabla taa na visanduku vya umeme havijaungua. Chumba kimoja tu kikikauka huku vingine vimejaa, chumba hicho kinakufa na betri ina muda mfupi. Hakuna betri iliyofungwa inayokupa taarifa hizo bure.

Tena inavumilia. Regyuleta ya zamani inayoyumba, leo sawa, kesho inapitiliza kidogo, itaimaliza AGM. Hii itakunywa maji tu, nawe utaongeza. Ongeza maji yaliyotoneshwa peke yake. Maji ya bomba yana madini yanayoharibu sahani, na asidi haiongezwi kamwe baada ya ile ya kwanza, kwa sababu kinachopotea ni maji, asidi inabaki.

Masharti yake ni mawili. Ikaguliwe kila mwezi, na bomba dogo la kupumulia lielekezwe chini kabisa, mbali na mnyororo, ekzosi na nyaya za breki. Bomba hilo likibanwa na betri wakati wa kufunga, gesi inakosa njia na kasha linaweza kupasuka. Gesi yenyewe ni haidrojeni, kwa hiyo usiichaji karibu na moto wala sigara.

Kama wewe ni mtu wa kuegesha miezi mitatu bila kuigusa, iruke hii urudi kwenye AGM.

Ya tatu: lithiamu

Ninayoisema ni ile ya chuma na fosfeti, seli nne mfululizo, ambayo ikijaa na kupumzika husoma karibu 13.3. Uzito wake ni kama theluthi ya betri ya risasi au pungufu, na hupoteza chaji kidogo sana ikiwa imekaa. Ni betri nzuri sana. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya pikipiki, si kwa sababu yake.

Kwanza, kuokoa kilo nne kwenye pikipiki ya kilo 300 iliyobeba watu wawili na mizigo hakuna utakachokihisi. Pili, inahitaji regyuleta iliyo thabiti: volti zikipita 14.6 kwa muda, seli zinaumia, na ndani ya betri bora kuna kisanduku cha ulinzi kitakachokata umeme ghafla. Umeme wa betri ukikatika injini ikiwa inazunguka kwa kasi, volti za alternata zinaweza kuruka na kuunguza vifaa vingine. Tatu, kwenye baridi kali inagoma asubuhi. Inabidi uwashe taa dakika kadhaa ili ijipashe joto kwa kutoa umeme, ndipo upige stata. Nne, lebo. Baadhi ya watengenezaji huandika "sawa na ampea-saa 18" wakati uwezo halisi ni theluthi ya hapo. Stata itazunguka kwa nguvu, lakini ukisahau taa imewaka, betri itaisha mapema mno.

Ukiitaka hata hivyo, badilisha regyuleta ya zamani kwanza, na tumia chaja yake maalumu. Chaja za risasi zenye hatua ya kuondoa salfati hupiga volti za juu zinazoidhuru.

Ya nne: jeli

Hapa sina mengi. Betri ya jeli halisi, ambayo asidi imegandishwa kwa silika, ni stahimilivu inapotolewa umeme mpaka chini, lakini haitoi mkupuo mkubwa kama AGM, na injini nzito ya silinda mbili au nne inadai mkupuo. Jambo la kujihadhari ni jina: nyingi zinazouzwa kwa jina la jeli ni AGM. Soma maandishi madogo kwenye kasha, usisikilize jina la mdomoni, kwa sababu chaja ya moja si lazima iwe sawa na ya nyingine.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Nenda na betri ya zamani au picha yake pamoja na vipimo vya sanduku inamokaa: urefu, upana, kimo. Angalia upande wa chanya. Herufi moja kwenye namba inaweza kugeuza pande: YTX20-BS na YTX20L-BS zinafanana kwa umbo, ila vichwa vyake vimebadilishana nafasi. Ukilazimisha waya ufike, siku moja utagusa fremu. Betri ikiwa ndogo kidogo kuliko sanduku, jaza pengo kwa mpira mgumu. Betri inayocheza hufa kabla ya wakati.

Omba kupima kabla ya kulipa. AGM iliyojazwa kiwandani isome 12.7 au zaidi. Ikisoma 12.3, imekaa rafuni bila chaji na sahani zimeanza kuharibika, hata kama ni mpya machoni. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, na kama hazipo tarehe wala uwezo wa ampea za kuwashia, tafuta nyingine. Zile zinazouzwa kavu, asidi ikiwa kwenye chupa pembeni, hukaa rafuni muda mrefu bila madhara, na mimi nazipenda kwa sababu hiyo.

Lakini betri ya namna hiyo ikishajazwa asidi huwa na chaji ya kama asilimia 80 tu. Iache itulie saa moja, kisha ichaji polepole kwa ampea moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya ampea-saa 18 ichajiwe kwa ampea 1.8. Ukiipeleka barabarani moja kwa moja, ile asilimia 20 huenda usiipate tena maisha yake yote. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na muuzaji mwenye haraka hatakukumbusha.

Wakati wa kufunga, chanya kwanza, hasi mwisho. Wakati wa kufungua, hasi kwanza. Spana ikiteleza ikagusa fremu huku hasi haijafungwa, hakuna cheche.

Makosa yanayoisingizia betri

BMW K100 zenye ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki), kuanzia mwaka 1988, zina tabia inayowachanganya wengi: taa za ABS zinaendelea kumeta baada ya kuondoka. Mara nyingi kompyuta ya breki imeona volti zimeshuka mno wakati wa kupiga stata. Zima, washa tena injini ikiwa ya moto. Taa zikizimika, pima betri chini ya mzigo na usafishe stata kabla hujafungua chochote cha breki.

Kingine ni umeme unaovuja pikipiki ikiwa imezimwa: saa, redio, alamu, kifaa cha kuonyesha njia alichofunga mwenye pikipiki wa kabla yako. Zima kila kitu, fungua waya wa hasi, weka multimita ya kupima ampea katikati ya waya huo na betri, na usiguse swichi ya ufunguo. Miliampea mbili tatu si neno. Ikisoma 50, hesabu mwenyewe: ampea-saa 1.2 kila siku, na betri ya ampea-saa 12 imefika nusu kwa siku tano. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Waya wa fyuzi hiyo ufuate kwa mkono mpaka mwisho wake, hasa palipo na utepe mweusi ambao haukuwekwa na kiwanda.