Mashine ya msasa ya upepo: ipi ununue Arusha na Moshi, na ipi uiache dukani

Kabla hujaenda dukani, zunguka nyuma ya kompresa yako usome kibati kilichobandikwa kwenye mtungi. Mimi sikufanya hivyo. Mashine yangu ya kwanza niliinunua mjini Arusha, duka silitaji, na muuzaji akaniapia kwamba "kompresa yoyote inaisukuma hii." Nikarudi nayo gerejini kwangu Unga Limited kifua mbele, nikaifunga kwenye kompresa yangu ya hp 2 (nguvu za farasi) yenye mtungi wa lita 50, nikaanza kusugua puti kwenye mlango wa Land Cruiser ya watalii. Ikanguruma vizuri. Sijafika hata nusu ya mlango ikaanza kulegea, ikazunguka kivivu kama feni siku umeme ukiwa mdogo, kisha ikasimama. Kijana wangu wa kazi akauliza, "Bosi, imekufa?"

Haikufa. Ilikuwa na njaa.

Hesabu yake ni hii. Mashine yenye sahani ya milimita 150, yaani ule uso wa duara unaoshika karatasi ya msasa, hula kati ya lita 350 na 480 za upepo kwa dakika, ikifanya kazi kwenye presha ya psi 90, ambayo ni kama bar 6.2. Kompresa ya hp 2 inaweza kuandikwa lita 200 kwenye kibati, lakini hizo ni lita inazovuta. Zinazotoka upande wa pili zikiwa zimeshindiliwa ni kama 120 au 130. Mtungi wa lita 50 nao, ukishuka kutoka bar 8 hadi bar 6, unakupa akiba ya lita 100 tu. Akiba hiyo haimalizi nusu dakika. Baada ya hapo unasugua dakika moja, unasubiri dakika mbili, na mota ya kompresa inachemka mpaka huwezi kuigusa.

Kuna na jambo lingine ambalo mafundi wa pwani hawana haja ya kulifikiria. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar, na kompresa inavuta hiyo hiyo iliyopo. Moshi mko chini kidogo, mita 800 na ushee, mnapoteza kama asilimia 10. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya kompresa, usinunue inayotosha kwa kubana. Nunua inayozidi.

Na boksi la mashine lisikudanganye. Mengi huandika wastani wa matumizi, tena uliopigwa kwa kudhani kwamba mashine inafanya kazi robo tu ya kila dakika. Hesabu hiyo inaifaa mashine ya kufungulia nati za tairi: unabonyeza, nati inatoka, unaachia. Msasa unashikilia dakika kumi bila kuachia. Ukiona wastani wa lita 110, zidisha mara nne.

Jina nalo. Vijana wa gereji husema "sanda." Mmoja wetu aliwahi kupiga simu ndani ya daladala akisisitiza aletewe sanda mbili haraka, mama aliyekaa pembeni akampa pole ya msiba. Mimi nasema mashine ya msasa. Msasa wenyewe ni mti, majani yake yanakwaruza, na wazee walikuwa wanalainishia mbao kwa majani hayo kabla karatasi hazijaletwa.

Sasa nizipange mashine zenyewe. Bei sitaandika kwa sababu zinatembea na dola, lakini mpangilio haubadiliki.

Ya kwanza: milimita 150, mzunguko wa milimita 5, yenye kunyonya vumbi

Mzunguko ni ule umbali ambao sahani inayumba huku ikizunguka. Wa milimita 5 uko katikati: unakula puti vya kutosha, na ukibadilisha karatasi unaweza kumalizia praima. Wa milimita 8 na kuendelea unachimba sana, ni wa kung'oa rangi ya zamani. Wa milimita 2.5 ni wa kulainisha mwisho kabla ya rangi, na ukipata hela ya mashine ya pili, chukua huo.

Tafuta inayofunguka na ambayo mapezi yake, vile vibao vidogo vya ndani ya mota, na beringi zinauzwa peke yake. Mirka ya Finland, Rupes ya Italia na Dynabrade ya Marekani zina vifaa kamili vya kukarabati mota, ndiyo maana hata ya mtumba naipendelea kuliko mpya isiyo na spea. Ile yenye mfuko wa vumbi hutumia upepo unaotoka kwenye mota kuvuta vumbi kupitia matundu ya sahani. Matundu ya karatasi lazima yalingane na ya sahani, la sivyo mfuko unabaki pambo.

Masharti: kompresa ya hp 5 au zaidi, mtungi wa lita 200 na kuendelea, mpira wenye tundu la ndani la milimita 10. Hp 5 kwa kawaida inataka umeme wa fezi tatu. Mpira mwembamba ule wa kujazia tairi unaweza kuua presha yote njiani. Geji itakuonyesha 90 kwenye mtungi wakati mashine inapata 60.

Ya pili: ya umeme, milimita 125

Utashangaa kuikuta kwenye orodha ya mashine za upepo, lakini nikiiacha nitakuwa nakudanganya. Kwa seremala wa Pasua au Majengo anayesugua meza za mninga na milango ya mkongo, hii ndiyo ya kwanza. Makita BO5041 inatumia wati 300, Bosch GEX 125-1 AE wati 250. Kompresa ya hp 5 inakula karibu wati 3,700. Sugua saa nne kwa siku: upande mmoja yuniti moja na kidogo za Luku, upande mwingine kama 15. Fanya hivyo mwezi mzima halafu niambie faida ya meza imekwenda wapi.

Sababu ya gereji kubaki na upepo ni nyingine. Mashine ya upepo haina mota ya umeme mkononi, kwa hiyo unasugua kwa maji bila kuogopa shoti, haichemki kwa kazi ndefu, na ni nyepesi. Nyingi zina kilo moja au pungufu. Shika ya kilo moja na nusu juu ya paa la gari tangu asubuhi hadi saa sita, utaelewa.

Ya tatu: ndogo, milimita 75

Ya kona, pembeni ya taa, chini ya kitasa, na doa moja ambalo mteja ameliona akiwa tayari ana funguo mkononi. Hii huitumii mfululizo, unagusa na kuacha, kompresa inapata muda wa kupumua. Mwenye kompresa ya hp 3 anaweza kuishi nayo.

Ya nne: milimita 125 isiyonyonya vumbi

Hizi zimejaa madukani na ni rahisi. Sahani imepungua, njaa haikupungua sana. Vumbi lote linakuja usoni kwako na kwenye gari la jirani lililopakwa rangi asubuhi. Nunua kama ya akiba.

Ya mwisho ni yoyote ambayo muuzaji, ukimuuliza mapezi, anakuuliza mapezi ni nini.

Ukiwa dukani, usikubali kuwashiwa mashine hewani ukafurahia mlio. Kwanza, kabla haijafungwa upepo, izungushe sahani kwa mkono: isikwaruze, isicheze juu chini. Tia matone matatu ya mafuta kwenye tundu la kuingizia upepo. Ifunge, iweke juu ya kipande cha mbao, ndipo uwashe. Ikiwa hewani inapaa kasi kama inataka kuruka na ikigusa mbao inakwama, iache hapo hapo. Na kama duka halina kompresa ya kujaribia, omba mkubaliane kuirudisha, yaandikwe kwenye risiti.

Sasa kuitunza, na hapa ndipo wengi wanapoua mashine nzuri.

Mwaka jana jamaa kutoka Moshi aliniletea ya kwake akisema imeisha. Nilipofungua mota nikaona uji mweusi. Ndani kuna rota yenye mifereji, na kwenye kila mfereji kuna pezi, kibao kidogo kigumu ambacho mzunguko unakirusha nje kikabane ukuta wa silinda ili upepo upate kitu cha kusukuma. Mapezi matano, yote yameganda ndani ya mifereji yake kama meno kwenye ufizi. Alikuwa anatia mafuta ya injini, 20W-50, yaliyobaki kwenye galoni. Mafuta hayo ni mazito, yakichanganyika na maji ya mtungi na vumbi la puti yanakuwa gundi. Nikayang'oa moja moja kwa bisibisi ndogo, nikaosha, nikapangusa. Manne yalikuwa mazima, moja limemeguka pembe, lakini mapezi hubadilishwa yote kwa pamoja, ukichanganya jipya na la zamani mota inapiga kelele na kutetemeka. Mashine ipo mpaka leo.

Mafuta yawe mepesi, yale ya vifaa vya upepo. Ukikosa kabisa, ya cherehani yatakusogeza siku mbili tatu. Matone matatu hadi matano asubuhi, na mengine jioni kabla ya kuiweka, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ndiyo yanayokula beringi usiku. Baada ya kutia, iwashe sekunde chache ikiwa juu ya mbao ya taka, umeziba sehemu ya kutolea upepo kwa kitambaa, hutaki mafuta hayo yaruke kwenye bodi.

Maji. Masika yakianza, kati ya Machi na Mei, mtungi unatoa maji kama umefungua bomba. Fungua valvu ya chini kila jioni, uache mpaka utoke upepo mkavu. Weka na chujio la maji, lakini mbali na kompresa, ambapo upepo umeshapoa. Ukiliweka mdomoni mwa kompresa, maji yanapita yakiwa mvuke na kugeuka maji baadaye, ndani ya mashine yako.

Matumizi yenyewe ni mafupi kusema. Iweke juu ya kazi kwanza ndipo uwashe, inyanyue ndipo uzime. Usiisukume: uzito wake na wa mkono wako unatosha, ukikandamiza sahani inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka na kuchoma vindoano vinavyoshika karatasi. Usiilaze kwa ukingo kuwahi doa, utachimba bonde ambalo utaliona tu rangi ikishakauka. Karatasi panda kwa ngazi: puti namba 80, kisha 180, kisha 320, praima 400 na kuendelea. Anayeruka kutoka 80 hadi 320 atasugua mikwaruzo ya 80 mpaka jioni. Vaa barakoa nzuri, kwa sababu vumbi la puti ni laini kama poda, na magari ya zamani huenda yana madini ya risasi kwenye rangi.

Kisha mpira. Kuna wanaofunga kile kikombe kinachodondosha mafuta yenyewe kwenye njia ya upepo, na ni kitu kizuri kwa mashine ya msasa. Ila mpira uliopitisha mafuta usije ukaufunga kwenye bunduki ya rangi. Rangi itakimbia kila penye tone na kuacha vishimo vya duara, utaimenya yote uanze upya. Kwangu mipira ni miwili: wa msasa nimeuzungushia utepe mwekundu kwenye kapla, na kijana anayeugusa siku ya kupiga rangi ananunua soda za gereji nzima.